Dondoo muhimu: Pa kuanzia kwenye programu huria

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kwa kijana wa mji mdogo kama Kimamba, tafsiri bado ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kuanza kuchangia: LibreOffice, programu nyingine huria ya ofisi iliyoanza 2010, hutafsiriwa kwenye kivinjari kupitia Weblate, bila kusakinisha chochote.

Akitaka kugusa msimbo wenyewe, achague kazi ndogo zilizotengwa kwa wageni, ziitwazo Easy Hacks. Bando ni dogo? Amri ya git clone --depth 1 hushusha toleo la sasa tu, ikiacha historia ndefu ya mradi.

Akikwama aulize mapema, na abandike ujumbe wa hitilafu kama ulivyo, pamoja na toleo la mfumo anaotumia.