Kulipima Yai kwa Mwanga

Mfugaji amwatamishaye kuku mayai 12 huanza kuhesabu vifaranga siku ile ile. Ikitokea siku ya 21 akapata saba, na matano yakawa viza, hulaumu ngurumo za radi au mkono wa mgeni aliyegusa kiota. Aghalabu sababu ilikuwamo ndani ya mayai tangu wiki ya kwanza, nayo ingeonekana kwa tochi.

Usiku wa saba, kunja karatasi nene iwe bomba jembamba, uelekeze mwanga kwenye upande butu wa yai, gizani. Yai lenye uhai huonyesha doa jeusi lililozungukwa na mishipa myekundu iliyotanda kama miguu ya buibui. Doa hilo ni kiinitete. Yai linalong'aa lote, lenye kivuli cha kiini tu, yamkini halikupata mbegu ya jogoo. Likiwa na pete ya damu pasipo mishipa, kiinitete kilianza kisha kikafa. Maganda ya kahawia hutatiza macho. Mayai hayo yarudie siku ya kumi kabla ya kuyahukumu.

Kuku wawili wakiatamia siku moja, mayai yaliyo hai yaweza kukusanywa chini ya mmoja, na mwenziwe akaachwa arudie kutaga. Hiyo si faida ndogo kwa nyumba yenye kuku wanne.

Ganda lina maelfu ya vitundu. Oksijeni huingia, mvuke hutoka: yai la gramu 60 hupoteza kama gramu 7 za maji, na mahali pake hushikwa na hewa. Ndiyo maana kifuko cha hewa huonekana kikipanuka kila upimapo. Kifaranga hukitoboa hicho kwanza, akavuta pumzi, ndipo agonge ganda.

Atumiaye sanduku lenye taa hana budi kutenda kazi za kuku: joto la sentigredi 37.5 hadi 38.5, bakuli la maji, na kuyageuza mayai mara tatu au tano kwa siku hadi siku ya 18, kiinitete kisigande kwenye utando.

Pwani kuna hatari nyingine, nayo haisemwi sana. Kiinitete huanza kukua, japo kwa unyonge, joto lipitapo sentigredi 21 hivi. Katika chumba cha Tanga mwezi wa Februari, yai lililokaa siku kumi juu ya kabati limekwisha kuanza safari bila mama, na mengi hufia hapo. Yaweke penye ubaridi, karibu na mtungi wa maji, upande butu ukiwa juu, wala usizidishe siku saba.