Tusiwasahau Waliosahau
Somo: 2 Samweli 19:31–39, 1 Wafalme 2:7



Barzilai alikuwa na miaka 80. Daudi alipokuwa akimkimbia Absalomu, mzee huyu alikuwa mmoja wa waliomletea vitanda, ngano, kunde na asali kule Mahanaimu. Vita vikaisha. Mfalme akamwambia, twende tukaishi wote Yerusalemu. Mzee akakataa. Alisema hasikii tena ladha ya chakula wala sauti za waimbaji, basi kwa nini awe mzigo kwa mfalme?

Mimi nilisomea biashara. Darasani tulifundishwa kwamba ukinunua mashine ya kusaga, kila mwaka unaipunguzia bei kwenye vitabu, mpaka siku moja inasomeka sifuri. Hesabu hiyo ni nzuri kwa mashine. Shida ni kwamba tumeileta nyumbani. Magokoro aliyechuma majani chai miaka mingi na kulipa karo ya watoto, leo hawezi kubeba kikapu, na tunaongea juu yake akiwa amekaa hapo hapo kama hayupo. Hata yeye mwenyewe anaanza kujihesabu sifuri, kama Barzilai.

Lakini angalia Daudi. Hakuuliza mzee ataweza kazi gani. Alikumbuka kazi iliyokwisha kufanywa. Na alipokaribia kufa, alimwagiza Sulemani wana wa Barzilai wale mezani pake. Mzee alijiona mzigo, lakini mfalme hakusahau.

Sasa tuje kwetu Kisii na Nyamira, na tuseme ukweli. Mei 2008, watu 11 waliteketezwa hapa kwetu wakiitwa wachawi. Wengi walikuwa wazee. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wenye umri mkubwa waliuawa kwa madai hayo hayo. Tukisikia habari kama hizi tunasikitika, halafu jioni tunarudia porojo zile zile: fulani alionekana usiku nje ya boma la watu, anaongea peke yake, lazima ni omorogi.

Ngoja kwanza. Kuna ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 duniani wanaishi nao. Mgonjwa anasahau alichokula asubuhi, lakini anakumbuka mambo ya ujana wake. Jua likizama anahangaika, anatoka, anapotea njia, anajikuta mlangoni kwa jirani na hajui amefikaje. Anaweza kumshuku hata mtoto wake kwamba amemwibia. Huyo ni mgonjwa aliyepotea. Anahitaji mtu wa kumshika mkono.

Sisi Wapentekoste tunaamini maombi, na tutaomba. Ila si kila aliyechanganyikiwa ana pepo. Mpeleke hospitali pia, kwa sababu saa zingine kuna maambukizi au upungufu mwilini unaotibika. Na hata ukiwa ni ule usiotibika, bado anaweza kutunzwa vizuri.

Kwa hivyo maana ya maisha yake iko wapi, kama hawezi kazi na hakumbuki? Soma Isaya 46:4. Mungu anaahidi kuwabeba watu wake mpaka mvi. Thamani ya mtu iko kwa anayembeba. Yeye akisahau, Mungu anakumbuka, na sisi tuliokula jasho lake tumepewa kazi ya kukumbuka kwa niaba yake.

Tendo la wiki hii:
1. Tembelea mzee mmoja. Muulize habari za zamani, usimsahihishe akikosea.
2. Kama kwenu kuna anayetoka usiku, waambie majirani na mzee wa mtaa mapema kwamba ni mgonjwa. Neno hilo linaweza kuokoa maisha yake.
3. Ukisikia mtu akiitwa mchawi, usilipitishe neno hilo. Likomee kwako. Ukisikia watu wanapanga kumdhuru, piga ripoti kwa chifu au polisi saa hiyo hiyo.

Swali la kikundi: Ni nani alitulisha tulipokuwa Mahanaimu yetu, na leo anakula mezani kwa nani?