Mtoto wa Darasa la Sita Anajifunza Hesabu Gani?



Wazazi wengi tunakagua daftari la mtoto kwa kutazama vema na makosa. Vema zikiwa nyingi tunafurahi. Makosa yakiwa mengi tunagomba. Lakini mzazi akiulizwa, "Mwanao anajifunza nini katika hesabu?" hujibu, "Anajifunza hesabu tu."

Jibu hilo halitoshi. Leo tulifungue daftari hilo pamoja. Tutaona kwamba hesabu anazojifunza mtoto wa darasa la tano hadi kidato cha pili ndizo hesabu zinazotupunja sisi shambani, dukani na katika mikopo.

KUHESABU NA KULINGANISHA

Tangu mwaka 1970, uliotangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisomo kimewafundisha watu wengi kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Hiyo pia ndiyo kazi kubwa ya mtoto katika madarasa ya mwanzo.

Kuanzia darasa la tano kazi inabadilika. Mtoto haulizwi tena "Ni ngapi?" peke yake. Anaulizwa, "Ni ngapi ya kitu gani?" Nusu ya nini? Asilimia kumi ya nini? Hapo ndipo watoto wengi wanapokwama, na watu wazima pia.

Basi tushike maneno mawili haya: YA NINI? Tutayatumia katika somo lote.

1. SEHEMU NA DESIMALI

Sehemu ni kipande cha kitu kizima. Nusu huandikwa 1/2. Robo huandikwa 1/4. Namba ya chini huitwa asili. Inatuambia kitu kizima kimegawanywa mafungu mangapi yaliyo sawa. Namba ya juu huitwa kiasi. Inatuambia tumechukua mafungu mangapi.

Mtoto akiambiwa ajumlishe 1/2 na 1/4, mara nyingi hujumlisha za juu pamoja na za chini pamoja. Anapata 2/6. Anaona kazi imekwisha.

Tumpeleke kwenye debe la maji la lita 20. Nusu ya debe ni lita 10. Robo ya debe ni lita 5. Jumla ni lita 15, yaani robo tatu za debe, 3/4. Lakini 2/6 ni sawa na theluthi moja, na theluthi ya debe haifiki hata lita 7. Mwulize mtoto, "Ulikuwa na nusu ya debe, ukaongeza maji, debe likapungua?" Atacheka mwenyewe, na atasahihisha.

Desimali nazo ni sehemu, ila zimeandikwa kwa nukta. Mtoto huona 0.25 ni kubwa kuliko 0.5, kwa sababu 25 ni kubwa kuliko 5. Tumwonyeshe mizani. Kilo 0.5 ni gramu 500. Kilo 0.25 ni gramu 250. Asiyejua hivyo atalipa nusu kilo ya sukari na kupewa robo, na atashukuru.

2. ENEO

Eneo ni ukubwa wa uso wa kitu kama shamba, sakafu au bati. Eneo la mstatili tunalipata kwa kuzidisha urefu kwa upana.

Hapa tutulie kidogo, maana hapa ndipo ardhi inapopotea.

Vijiji vingi hupima ekari kwa hatua 70 kwa 70. Tuzidishe: 70 × 70 = 4,900. Sasa mtu anataka kununua nusu ekari. Muuzaji anasema, "Nusu ya 70 ni 35. Basi nakupimia 35 kwa 35." Mnunuzi anaona ni sawa. Wanapeana mikono, mashahidi wanatia saini, fedha zinahesabiwa.

Tupige hesabu: 35 × 35 = 1,225. Nusu ya 4,900 ni ngapi? Ni 2,450. Kumbe mnunuzi hakupewa nusu ekari. Amepewa robo! Ikiwa ekari moja ni shilingi 1,200,000, amelipa shilingi 600,000 kwa kipande cha shilingi 300,000.

Kosa liko wapi? Tuulize: nusu YA NINI? Muuzaji amechukua nusu ya urefu, kisha nusu ya upana. Nusu ya nusu ni robo. Nusu ekari ni hatua 70 kwa 35, kwa sababu 70 × 35 = 2,450.

Asiyeamini achukue karatasi yenye pande nne sawa. Aikunje mara moja. Hiyo ni nusu. Aikunje tena kwa upande wa pili ipate umbo la mraba mdogo. Akiifungua ataona mistari imeigawa karatasi mafungu manne. Mraba mdogo ni fungu moja kati ya manne.

Kuna jambo jingine. Hatua 70, sawa, lakini hatua ya nani? Ekari kamili ina karibu mita za mraba 4,047. Ili hatua 70 kwa 70 zifikie hapo, kila hatua iwe na sentimeta 91 hivi. Mtu mwenye hatua ya sentimeta 80 akipima hatua 70, anapata mita 56 tu. Na 56 × 56 = 3,136. Zimepungua mita za mraba 911, zaidi ya moja ya tano ya ekari. Kibarua anayelima kwa ekari naye aangalie. Akipimiwa kwa hatua ndefu za mita moja, atalima mita za mraba 4,900 kwa malipo ya 4,047.

Dawa yake ni kamba au futi ya kupimia. Mraba wenye mita 64 kila upande unakaribia sana ekari moja. Hekta moja ni mita 100 kwa 100, nayo ni karibu ekari mbili na nusu.

3. ASILIMIA

Asilimia maana yake ni "katika kila mia". Alama yake ni %. Asilimia 10 ni kumi katika kila mia.

Tuseme mama mmoja anataka kukopa shilingi 200,000 kwa miezi 6. Anaambiwa riba ni asilimia 10. Asilimia 1 ya 200,000 ni 2,000. Kwa hiyo asilimia 10 ni 20,000. Anasema, "Nitarudisha 220,000. Si mbaya." Anatia dole gumba au saini.

Lakini asilimia 10 ya mkopo kwa muda gani? Tutazame njia mbili, ikiwa deni linalipwa lote mwishoni na riba haizai riba nyingine:

Riba ikiwa ni asilimia 10 kwa mwaka, nusu mwaka ni shilingi 10,000. Atarudisha 210,000.

Riba ikiwa ni asilimia 10 kwa mwezi, ni 20,000 × 6 = 120,000. Atarudisha 320,000.

Neno ni lile lile, "asilimia 10". Tofauti ni shilingi 110,000. Hizo zingeweza kununua sare na madaftari ya mtoto huyo huyo anayejifunza asilimia shuleni.

Mfano mwingine. Gunia la mahindi ni shilingi 50,000. Bei ikapanda kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20. Je, imerudi palepale? Wengi husema ndiyo. Tupige hesabu. Asilimia 20 ya 50,000 ni 10,000. Bei inakuwa 60,000. Asilimia 20 ya 60,000 ni 12,000. Bei inakuwa 48,000. Haikurudi! Mara ya kwanza ilikuwa asilimia 20 ya 50,000. Mara ya pili ilikuwa asilimia 20 ya 60,000. Ndiyo maana tunauliza, YA NINI?

4. UWIANO

Uwiano ni kulinganisha vitu viwili au zaidi. Mafundi wengi huchanganya zege kwa uwiano wa 1:2:4. Yaani ndoo 1 ya saruji, ndoo 2 za mchanga, ndoo 4 za kokoto.

Tukitaka kutumia ndoo 3 za saruji, mtoto anaweza kusema, "Saruji imeongezeka ndoo 2, basi na vingine tuviongezee mbili mbili." Anapata 3:4:6. Hilo ni kosa. Saruji imekuwa mara tatu, basi kila kitu kiwe mara tatu. Jibu ni 3:6:12. Akifuata jibu la kwanza atamaliza saruji ya gharama kwa zege kidogo. Katika uwiano tunazidisha, hatuongezi.

Mama anayepika ubwabwa wa harusi anaijua hesabu hii. Wageni wakiwa mara mbili, mchele unakuwa mara mbili. Haongezi kikombe kimoja tu.

5. NAMBA HASI NA HERUFI

Mtoto akija na daftari lililoandikwa −5, tusidhani ameharibu. Namba zilizo chini ya sifuri huitwa namba hasi. Ukiwa na shilingi 3,000 na unadaiwa 8,000 dukani, hesabu yako ni 3,000 − 8,000 = −5,000. Deni ni namba hasi. Hata baridi ya kilele cha Kilimanjaro hushuka chini ya sifuri.

Akija na herufi katikati ya hesabu, hiyo ni aljebra. Herufi inashika nafasi ya namba tusiyoijua bado. Kwa mfano: umenunua madaftari 4 ya bei moja na kalamu ya shilingi 500. Umelipa 4,500. Daftari moja ni bei gani? Unaondoa 500 ya kalamu, zinabaki 4,000. Unagawanya kwa 4. Daftari ni shilingi 1,000. Shuleni huandikwa hivi: 4x + 500 = 4,500, kwa hiyo x = 1,000. Wewe umefanya kwa kichwa, mtoto ameandika. Kazi ni moja.

Neno aljebra limetokana na jina la kitabu cha al-Khwarizmi, mtaalamu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Alisema kitabu chake ni cha kuwasaidia watu katika mirathi, biashara na kupima ardhi. Shida za watu wa zamani zilikuwa hizi hizi zetu.

TUWASAIDIEJE WATOTO?

Wengine watasema, "Mimi niliishia kisomo. Nitamfundisha nini mwanafunzi wa sekondari?" Hatulazimiki kuwa walimu. Tufanye mambo matatu:

Kwanza, mtoto akipata jibu, tumwombe atueleze kwa maneno yake. Asiyeweza kueleza amekariri tu.

Pili, tumwulize swali letu: YA NINI? Na tumwulize pia, "Jibu hili linawezekana?" Debe haliwezi kupungua kwa kuongezwa maji.

Tatu, tumpe hesabu za kweli za nyumbani. Apime kiwanja, asome karatasi ya mkopo, akokotoe mchanganyiko wa zege. Huko sekondari hesabu nyingi hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyezoea "asilimia" na "eneo" anakutana na maneno mageni, anadhani na hesabu ni ngeni. Akitueleza kwa Kiswahili nyumbani, atagundua kuwa ni zile zile. Wasichana wapewe nafasi hiyo sawa na wavulana.

Na sisi tusione haya kumwita mtoto akague hesabu kabla hatujatia saini. Elimu yake tunailipia kwa jasho. Ianze kutulinda leo.

MAZOEZI

Fanyeni katika kikundi, kisha mlinganishe majibu.

1. Ni ipi kubwa: kilo 0.4 au kilo 0.35?
2. Shamba la mraba lina hatua 140 kila upande. Je, ni ekari 2 za hatua 70 kwa 70?
3. Umekopa shilingi 150,000 kwa miezi 4, riba asilimia 5 kwa mwezi, unalipa yote mwishoni. Utarudisha shilingi ngapi?
4. Kwa uwiano wa 1:2:4, ndoo 5 za saruji zinahitaji mchanga na kokoto kiasi gani?

MAJIBU

1. Kilo 0.4, yaani gramu 400. Kilo 0.35 ni gramu 350.
2. Hapana. 140 × 140 = 19,600. Hizo ni ekari 4.
3. Riba ya mwezi ni 7,500. Kwa miezi 4 ni 30,000. Utarudisha 180,000.
4. Mchanga ndoo 10, kokoto ndoo 20.

SWALI LA KUJADILI

Katika kijiji chenu, mtu akinunua nusu ekari hupimiwa hatua ngapi kwa ngapi? Nendeni mkapime.