Kuchoma CD na DVD Pasipo Kuziharibu

Ipo kazi ambayo mafundi wa kompyuta katika vibanda vya Mbagala, Tandika na Yombo Vituka huifanya kwa hofu kuliko nyingine: kuchoma DVD ya harusi au ya maziko huku wenyewe wakisubiri barazani. Fleshi zimeenea, lakini katika nyumba nyingi deki ingali sebuleni, na kwaya na madrasa bado huhitaji nakala za kugawa. DVD ya kuandikwa mara moja ikikatika njiani hutupwa, na hasara humwangukia mwenye kibanda. Aghalabu lawama huelekezwa kwa DVD yenyewe, kwamba ni feki, ilhali mara nyingi kosa limo ndani ya kompyuta.

Leza ikishaanza kuandika hutaka data ije mfululizo. CD kwa kasi ya 1x hupokea kilobaiti 150 kila sekunde. DVD kwa kasi ya 16x hudai takriban megabaiti 22. Data hiyo hutoka kwenye diski, yaani hifadhi ya ndani ya kompyuta, hupita katika kumbukumbu ya RAM, kisha huingia katika akiba ndogo iliyomo ndani ya kifaa cha kuchomea. Akiba hiyo ni mithili ya simtanki juu ya mnara: maji ya bomba yakikatika, nyumba haitambui hadi tangi likauke. Tofauti ni kwamba akiba ya megabaiti 2, kwa kasi ya 16x, hukauka kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kupita.

Tangu mwaka 2000, kampuni ya Sanyo ya Japani ilipoleta kinga iitwayo BURN-Proof, vifaa vingi huweza kusimama akiba inapokwisha na kuendelea pale vilipoachia. Kinga hii haifui dafu kompyuta inapoganda kabisa, wala umeme unapokatika.

Kumbukumbu ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi zake kwenye diski. Hapo diski hiyo hiyo inayopaswa kulisha leza hubebeshwa mzigo wa pili. Kwa hiyo, kabla ya kuchoma, programu nyingine zifungwe, intaneti izimwe, na ukaguzi wa virusi uahirishwe. Je, inafaa kununua RAM zaidi? Vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa kwa pamoja, Windows huonyesha kiasi kinachotumika. Iwapo nusu ya kumbukumbu iko wazi wakati wa kuchoma, fedha hiyo ibaki mfukoni.

Diski ndiyo yenye mitego mingi. Programu nyingi huandaa kwanza faili moja kubwa la DVD nzima, hivyo yafaa kuacha wazi gigabaiti 10 hivi. Diski iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili la gigabaiti 4 au zaidi. Mfumo wa NTFS hauna kikwazo hicho. Tena DVD iliyoandikwa gigabaiti 4.7 husomeka kwenye Windows kuwa takriban 4.37, na video ya 4.5 haitaingia hata fundi abembeleze vipi. Diski ya kuzunguka iliyotumika miaka mingi huwa na mafaili yaliyokatika vipande vilivyotawanyika. Zana ya Windows ya kuipanga upya husaidia sana. Diski za SSD hazihitaji kupangwa hivyo. Video iliyoletwa kwa fleshi inakiliwe kwanza kwenye diski, isichomwe moja kwa moja.

Baada ya hayo yote, kasi ipunguzwe hadi 8x au 4x. Mteja ataongezewa dakika chache tu za kusubiri. Kompyuta ya mezani iunganishwe na UPS. Kompyuta mpakato iwe na betri iliyojaa.

Kazi ya msanii hainakiliwi bila idhini yake: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inahusu pia vibanda vya mtaani.

Programu ikimaliza, iruhusiwe kuhakiki ilichoandika, kisha DVD ijaribiwe kwenye deki. Kadi ya kamera isifutwe mpaka familia iwe imeitazama DVD hiyo nyumbani hadi mwisho, hasa ikiwa ni ya maziko, kwa kuwa tukio hilo halirekodiwi mara ya pili.