Ushujaa wa Watoto wa Shule

Ushujaa ni nini? Watu wengi wakiulizwa swali hili huwaza askari vitani, au mwindaji aliyemkabili nyati kwa mkuki. Mtoto wa shule hana vita wala mkuki. Je, hana basi nafasi ya kuwa shujaa? Anayo, tena kila siku. Mtoto aliyetumwa kununua chumvi, akarudishiwa franga kupita haki yake, kisha akarudi kwa mwenye duka kumwambia, huyo ni shujaa, maana tumbo lilikuwa likimshauri anunue maandazi. Na mtoto anayeinua mkono mbele ya wenzake wanaocheka, akasema: «Mwalimu, sijafahamu», huyo naye ni shujaa.

Mwaka 1981 alizaliwa katika mji wa Goma Floribert Bwana Chui. Alipokuwa mtu mzima alipata kazi katika ofisi ya Serikali ya kukagua bidhaa, akachunguza vyakula vinavyopita mpakani. Wafanya biashara wakaleta mchele ulioharibika, wakampa fedha ili auache upite. Akakataa. Mchele ule ungaliliwa na watu wa mji wake, wazee na watoto. Alikuwa pia rafiki wa watoto wa barabarani, akiwasaidia wapate masomo. Mwezi wa Julai mwaka 2007 alitekwa, akauawa, umri wake miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Fikirini: kazi yake ilikuwa ya karatasi na kalamu. Silaha yake ilikuwa neno moja tu, «Hapana». Neno hilo ni zito sana kinywani mwa mtu asiyelizoea, naye hawezi kulianza siku ile anapowekewa fedha mezani. Huanza kwenye zile franga za chumvi.

Ninyi wakatekumeni wenye watoto, angalieni hasa jambo hili. Mtoto amevunja mtungi. Akija mwenyewe kusema, naye akapigwa sawasawa na yule aliyesingizia mbuzi, amejifunza nini? Amejifunza kwamba kweli huuma na uwongo hutuliza. Mara ya pili mbuzi ndiye atakayeshtakiwa. Hakika kosa lina malipo yake: na aende kisimani kwa kibuyu cha kuazima mpaka mtungi mwingine upatikane. Lakini kwa kusema kweli yafaa ashukuriwe, tena mbele ya ndugu zake. Na mzazi aliyempiga mtoto bure amwombe radhi. Wengine watasema desturi haikubali mkubwa kujishusha hivyo. Basi mtoto ataona wapi jinsi mtu anavyokiri kosa, kama wakubwa wote hawakosi kamwe?

Mtoto mwenye haya asisukumwe kusoma kwa sauti mbele ya darasa zima. Asome kwanza na rafiki mmoja, kesho mbele ya watano, hata ulimi wake uzoee. Mwalimu akiacha wengine wamcheke, kazi ya mwezi mzima yapotea kwa dakika moja.

Kuogopa nyoka au mto uliofurika si kukosa ushujaa. Hiyo ni akili. Kadhalika mtoto akikutana na mtu mzima anayetaka kumtendea ubaya, hata awe mtu anayeheshimiwa kijijini, na akimbie, apige kelele, akaseme nyumbani. Watoto wengi hunyamaza kwa sababu wamefundishwa utii peke yake. Wazazi wawaambie mapema, kwa maneno wazi, kwamba katika jambo hilo hawatapigwa wala hawatakemewa, nao watasadikiwa.

Jioni, watu wakiota moto, wazazi wengi huuliza: «Leo umepata maksi ngapi?» Ni vizuri. Siku nyingine wamwulize mtoto: «Leo ni nani aliyechekwa shuleni? Nawe ulikaa upande gani?» Kisha wangoje jibu bila haraka.