Halali, lakini je, ni twayyib?



Katika Suratul-Baqara, aya ya 168, Allah anawaamrisha watu wote, si Waislamu peke yao, wale vilivyo halali na vizuri. Hapa Kigali neno la kwanza tumelishika: kila nyama tunauliza nani kachinja. La pili, twayyib, tunalipita.

Chukua nyanya za soko la Kimironko. Ni halali, hakuna anayebisha. Lakini wakulima wengi huzipiga mankozebu kuzuia ukungu, dawa ambayo Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutoendelea kuiruhusu. Lebo hutaja siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Anayechuma mapema kisha akanyamaza, mimi namwona sawa na yule muuza chakula ambaye Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo lake akakuta majimaji yamefichwa chini. Hadithi iko kwa Muslim. Hiyo ni ghushi, hata mizani ikiwa sawa.

Tusizidishe pia. Mwaka 2012 watafiti wa Stanford walipitia tafiti nyingi na hawakupata ushahidi wa nguvu kwamba mazao ya kilimo hai yana virutubisho zaidi. Walichokiona ni mabaki machache ya dawa. Na kilimo hai si kukosa dawa kabisa: pareto ya Musanze ni dawa ya wadudu itokanayo na maua.

Kwa sisi wa bwenini, tuzisugue nyanya kwenye maji yanayotiririka, ingawa kilichoingia ndani hakitoki. Dodo huota hata kwenye gunia la udongo.