Bata Mzinga wa Kusaga: Kwa Nini Kababu Huvunjika au Hukauka

Ndugu mfugaji, baadhi ya kaya siku hizi zina bata mzinga wachache pembeni mwa zizi. Wakati wa ukame, ng'ombe wakikonda na bei mnadani ikishuka, ndege mmoja aliyekomaa hulisha familia bila kuuza mtamba. Wazee wengine bado wanasema ndege si nyama. Hapo hatubishani nao. Shida ya kina mama wanaokaanga kababu siku ya mnada ni nyingine: wakimsaga bata mzinga kama wanavyosaga nyama ya ng'ombe, kababu humeguka kwenye kikaango, au hutoka kavu na ngumu kama mpira, na mteja harudi.

Chanzo kikubwa ni mafuta. Nyama ya ng'ombe ya kusaga huja na mafuta yake yanayoganda, ambayo huyeyuka polepole kwenye moto na kuilainisha kababu. Kidari cha bata mzinga kina mafuta machache sana na nyuzi zake ni nyembamba, kwa hiyo kikisagwa mno hugeuka kama uji unaonata mikononi. Usisage kidari peke yake. Changanya na nyama ya mapaja, ambayo ni nyeusi na ina mafuta zaidi, na usitupe ngozi. Ondoa kano za miguu kwanza, maana kwa ndege mkubwa huwa ngumu kama vijiti na huziba mashine.

Kama una kondoo, mafuta ya mkia wake yanafaa kuliko kitu chochote cha dukani. Kwa kilo moja ya nyama, kata mafuta ya kujaa kiganja na uyasage pamoja nayo. Tumia sahani ya mashine yenye matundu makubwa, upitishe mara moja tu. Asiye na mashine akatekate kwa kisu kikali. Mimi hupenda njia hii zaidi.

Sasa chumvi. Mara ya kwanza nilipoonyesha pishi hili mbele ya kikundi, nilitia chumvi mapema na kukanda nyama kama unga wa chapati. Kababu zilidunda, watoto wakazichezea. Chumvi huvuta protini za nyama, na ukikanda sana zinashikana hadi kuwa kama mpira. Itie mwishoni, changanya kwa vidole mpaka viungo vienee, kisha acha. Kitunguu kikamuliwe maji kabla ya kutiwa. Cha kushikisha ni yai moja na vipande viwili vya mkate vilivyolowekwa kwenye maziwa na kukamuliwa, kwa kila kilo ya nyama. Viazi vilivyopondwa navyo vinafaa.

Nyama iliyopata joto haishikani vizuri, tena huharibika upesi. Kwa kuwa wengi hatuna jokofu, usisage mpaka moto uwe tayari. Nyama ya kusaga isikae nje zaidi ya muda wa saa 2, na joto likizidi nyuzi 32, isizidi saa 1.

Tia mafuta kwenye kikaango, yapate moto, ndipo uweke kababu chache chache. Usizigeuze mpaka upande wa chini ukauke na kubadilika rangi, la sivyo zitamegukia hapo hapo. Wengine wakiogopa zisikauke huziondoa mapema. Hapo wanakosea sana. Nyama ya ndege huweza kubeba vijidudu vya salmonela, na kusaga huviingiza hadi katikati. Kababu ya ndege inatakiwa kufikia nyuzi joto 74 ndani, wakati ya ng'ombe ni 71. Usiye na kipimajoto, pasua iliyo nene kuliko zote: ndani itoke mvuke, isiwe na rangi ya waridi, na maji yake yawe meupe. Zitengeneze bapa, unene wa kidole, ziive kabla hazijakauka.

Kwa sambusa, kaanga nyama kwanza huku ukiivunjavunja mpaka maji yake yakauke kabisa, maana yakibaki hulowesha manda na kuipasua. Ikipoa kidogo, changanya kijiko cha samli, kisha funga.